Matumbawe makavu ya Pwani si dalili kwamba nchi inapasuka

Tangu tetemeko la Januari 1, 2024 huko Noto, Japani, na picha za bandari zilizokauka kusambaa kwenye simu, ofisi yetu hapa Nairobi imekuwa ikiletewa picha za Mombasa, Kilifi na Watamu: mawe ya matumbawe yakiwa juu kabisa ya maji. Swali ni lile lile. Je, Pwani yetu nayo inainuka? Afrika ndiyo inagawanyika?

Noto, ufuo uliinuka takriban mita 4 mahali pengine, kwa mara moja, na mashua zikabaki pakavu. Japani imekaa palipo na mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanayosukumana. Bamba moja likijipenyeza chini ya jingine, la juu hukwama na kupindika kwa miaka mingi, kisha hufyatuka kama fito iliyoachiwa.

Ushahidi bora wa jambo hili ulipatikana Alaska. Tetemeko la Machi 27, 1964 lilikuwa la ukubwa wa 9.2. Mwanajiolojia George Plafker na wenzake walipita ufuoni wakipima ukanda wa vijidudu vya magamba vinavyojigandisha kwenye mawe. Vijidudu hivi haviwezi kuishi juu ya mahali ambapo maji hujaa, kwa hiyo mstari wa vilivyokufa ukiwa juu ya mstari wa vilivyo hai, tofauti ya kimo ndiyo kiasi ambacho ardhi imepanda. Kisiwa cha Montague kilikuwa kimepanda takriban mita 10. Kwingine, upande wa bara, ardhi ilikuwa imezama kama mita 2 na miti ikauawa na maji ya chumvi. Ukanda mmoja juu, mwingine chini: ndipo ilipodhihirika kwamba sakafu ya bahari inaingia chini ya bara.

Sasa tazama picha mnazotuletea. Matumbawe yale, ambayo hata Fort Jesus imejengwa juu yake, yaliota takriban miaka 125,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto na bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Bahari ikashuka, mawe yakabaki. Ya umri huo yako pia Australia Magharibi, pwani tulivu kama yetu. Hakuna mpaka wa mabamba unaopita Nyali.

Mpaka wetu uko Bonde la Ufa, na pale mabamba yanaachana, hayasukumani. Nairobi na Mombasa ziko upande mmoja. Narok iko ng'ambo. Mwachano huo ni wa milimita chache kwa mwaka. Na tafadhali, ule ufa wa barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok wa Machi 2018 haukufunguka kwa siku moja kwa sababu bara linakatika. Mvua kubwa ziliosha majivu ya volkeno yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado linarudi kila msimu wa mvua.

Sasa, kuhusu utaratibu wa vitu mnavyovikuta ardhini. Ukikuta visukuku vya wanyama (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) au zana za mawe za kale, usivichimbe wala kuvihamisha, hata kama shamba ni lako. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makavazi ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa ulipokuta. Piga picha kitu kikiwa palepale, weka rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, na uandike tarehe. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa la jinai. Kukusudia mema hakumwondolei mtu kosa hilo. Tumepelekewa magunia ya visukuku ambavyo haviwezi tena kuchunguzwa, kwa sababu hakuna ajuaye vilichimbwa wapi.

Vivyo hivyo bikoni za upimaji, yaani alama zilizowekwa ardhini kuonyesha mahali palipopimwa. Kung'oa, kusogeza au kuvunja bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, iwe uko Malindi au Kajiado. Zile milimita chache za mwachano wa Bonde la Ufa hupimwa kwa kurudia vipimo mahali palepale mwaka baada ya mwaka, na bikoni ikisogezwa kwa upana wa kidole, rekodi yake yote ya nyuma haitumiki tena. Ukiikuta imelala, iache ilivyo na uarifu ofisi ya upimaji ya kaunti yako.