Msongo wa mawazo unapohamia mabegani

Msongo ni neno la kusonga, yaani kubana, na mwili hulitii neno hilo kama lilivyo. Mtazame mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wakati wa mbalamwezi: taa za wavuvi hazivuti samaki, na marejesho ya kikoba ni Ijumaa. Mabega yamepanda karibu na masikio, meno yameumana, pumzi inaishia kifuani. Na kichwani hajajitwika kitu.

Ubongo haubagui deni na chui. Ukihisi hatari, huamuru tezi ndogo zilizo juu ya figo zimwage homoni za kuuandaa mwili: adrenalini, kisha kotisoli. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo hupunguziwa kazi (ndiyo maana chakula hakipiti). Chui utamkimbia, halafu misuli italegea. Deni hulikimbii, kwa hiyo misuli hushinda imekaza, na jioni unaumwa kisogo na taya ukisingizia ndoo.

Kumwambia mtu "legeza mabega" hakusaidii sana, maana hajui kama ameyakaza. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alianzia upande wa pili: kaza kwanza. Pandisha mabega, yashikilie sekunde 5 hadi 7 kwa nguvu ya wastani, yaachie kwa mara moja, kisha tulia sekunde 20 uisikie tofauti. Rudia, halafu nenda kwenye ngumi, taya, tumbo. Ukikaza kwa nguvu zote utapata mkakamao, hasa unyayoni.

Baada ya hapo, kuchua. Kanda bega kwa taulo la maji ya moto dakika 10, kisha paka kijiko cha chai cha mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi. Mawese yataharibu kanga. Kwa mkono wa kulia bana nyama iliyo kati ya shingo na bega la kushoto. Ukikuta fundo, ligandamize sekunde 30, maumivu yawe ya kuvumilika, huku ukivuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6. Ukihema harakaharaka unafukuza hewa ya ukaa kupita kiasi, na midomo itakufa ganzi. Mbele ya shingo usiguse: kuna mshipa wa damu ya ubongo, ukiugandamiza mtu anaweza kuzimia.

Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkono wa kushoto, acha kuchua. Hapo ni hospitali, saa ileile.