Je, wajua kwa nini bawaba ya mlango wa nyuma wa pikapu moja ya Toyota Hilux, ule unaofunga sehemu ya mizigo, inakataa kuingia kwenye Hilux nyingine?

Watu wengi tukifika dukani, iwe Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road Nairobi, tunasema tu "naomba bawaba ya mlango wa nyuma wa Hilux", muuzaji anatoa moja, unalipa, unafika gereji fundi anaijaribu matundu hayakutani. Na wala hujauziwa feki, inaweza kuwa orijino kabisa ila ni ya Hilux nyingine.

Manake Hilux ni jina, na jina hilo lipo tangu 1968. Chini yake zimepita bodi tofauti kabisa. Zile ngumu ambazo bado zinapiga kazi huku kwetu, zenye kodi ya modeli LN106 na ndugu zake, ni za toleo la 1988 hadi 1997, ikafuata iliyotoka 1997, halafu 2004 ikaja Vigo, na 2015 ikaja Revo. Bodi ikibadilika mlango nao unabadilika upana na unene, kwahiyo hata pale bawaba inaposhika panahama.

Halafu hata toleo moja halina mlango wa aina moja! Hapa ndo wengi wanapigwa. Hizo za zamani kuna zenye mlango mwembamba wa bati moja na makomeo mawili pembeni, na kuna zenye mlango mnene wa bati mbili wenye kitasa kimoja katikati, sasa ukimtajia muuzaji mwaka na modeli bila kumwambia mlango wako unafungwaje unabahatisha. Piga picha mlango ukiwa umefungwa, piga na bawaba yenyewe kwa karibu, umtumie.

Namba ya chesisi ndo mwanzo mzuri, Toyota wameigonga kwenye fremu na ipo pia kwenye kibati cha gari. Kwa magari mengi inakwambia hata limetengenezwa wapi, ikianza na MR0 ni Thailand, AHT ni Afrika Kusini. Lakini nasisitiza, angalia na bodi kwa macho yako, sababu pikapu nyingi zilishapata ajali zikafungwa bodi ya gari lingine, na hapo chesisi inasema kitu kimoja na mlango unasema kingine. Ufuate mlango.

Kama bawaba ya zamani ina namba ya Toyota, isafishe uisome. Tarakimu 5 za kwanza zinataja ni kifaa gani, zinazofuata zinataja ni cha gari lipi. Ukiona 0K baada ya kistari hiyo ni familia ya akina Vigo, Revo na Fortuner, ila usiishie hapo, zile 3 za mwisho ndo zinazotenganisha. Na kulia au kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye siti ukitazama mbele, mlango ukiwa umelala chini gereji ni rahisi sana kuchanganya.

Kitu kingine ambacho natamani kila mwenye Vigo akijue: Japan hawakuuziwa Hilux mpya kuanzia 2004 mpaka 2017. Kwahiyo mtu akikwambia hii ni used ya Vigo iliyotolewa kwenye gari la Japan, muulize vizuri imetoka wapi.

Kabla hujanunua, angalia pia nini kimekufa. Mara nyingi ni bushi tu, kile kibomba kidogo pini inamopita, imelika, pini bado nzima. Na tazama waya au cheni mbili zinazoshika mlango ukiwa umefunguliwa, kazi ya kubeba uzito ni yake, bawaba inazungusha tu. Ukikatika mmoja halafu watu wakaendelea kukalia mlango au kupitishia mizigo, bawaba ya upande ule inapinda, na ukiweka mpya bila kubadili waya itapinda tena.

Kupima, chukua umbali kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na unene wa pini. Usipime kwa spana, kwenye Toyota bolti ya spana namba 12 mara nyingi ina unene wa milimita 8.

Kuchomelea ya zamani sikushauri kabisa. Bawaba mbili lazima pini zake ziwe kwenye mstari mmoja, fundi wa weldi akikosea kidogo tu mlango unakaza, pini zinalana, komeo halishiki. Hata mpya ukifunga, usikaze bolti moja kwa moja, shikiza zote kwanza, funga mlango, angalia nafasi ya kulia na kushoto ilingane, ndo ukaze.