Molekuli Hujipanga Mwanga Ukishapita

Molekuli za nitrojeni unazovuta puani sasa hivi zinapinduka ovyo, kila moja imeelekea kwake. Kazi yangu maabarani ni kuzilaza upande mmoja, kama njiti ndani ya kibiriti, na chombo chetu ni leza.

Nitrojeni ni atomi mbili zilizoshikana. Uga wa umeme wa leza ukiipitia, elektroni zake huvutika kwa wepesi zaidi kwenye urefu wa molekuli kuliko kwenye upana. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuigeuza molekuli ifuate mstari ambao uga unatikisikia.

Mpigo wetu huchukua femtosekunde 50 hivi. Gawa sekunde moja vipande bilioni, kisha kila kipande kigawe mara milioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Molekuli haiwahi kugeuka ndani ya muda huo. Inapokea msukumo tu, na inajipanga mwanga ukiwa umeshakwenda zake. Kisha zinatawanyika, ungedhani yamekwisha.

Subiri pikosekunde 8.4 (pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000). Zinajipanga tena, zenyewe! Kwa sheria za kwanta, zile zinazotawala vitu vidogo kama atomi, molekuli haizunguki kwa kasi yoyote itakayo. Midundo ya mzunguko wake huhusiana kwa namba nzima. Ndani ya pikosekunde hizo 8.4 mdundo mmoja hukamilisha mizunguko 3, mwingine 5, mwingine 7, na yote hufika pale ilipoanzia kwa wakati mmoja.

Mezani, saa yetu ni kioo. Mpigo wa pili, ule wa kupimia, tunauchelewesha kwa kuurefushia njia. Kioo kikirudi nyuma milimita 1.26, mwanga unakwenda na kurudi, tayari pikosekunde 8.4. Nakisogeza taratibu. Kwenye robo na nusu ya safari mchoro wa vipimo, unaoonyesha molekuli zimejipanga kiasi gani, hushtuka, hulala tena, halafu pale penyewe unaruka. Nimeuona mara nyingi sana, na bado nabana pumzi.

Adui ni joto. Gesi ya moto ina mizunguko mingi mno na mchoro hunywea, ndiyo maana tunaipuliza kwenye ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, kupitia kitundu chembamba, itanuke na kupoa.

Mwaka 2004 watafiti wa Ottawa, Kanada, walizipanga nitrojeni hivi, wakazipiga kwa mpigo mwingine katika pembe mbalimbali, wakaunda picha ya obitali, yaani umbo la eneo ambamo elektroni hupatikana, ya elektroni ya nje kabisa. Molekuli zikiwa shaghalabaghala, pembe zote zingechanganyika na picha hiyo isingepatikana.