Mzio ni nini, na kwa nini kamba wa jana wanakudhuru leo

Huku Lamu neno mzio tumelikuta kwa wazee. Bibi yangu alilitumia kwa chakula ambacho mwili wa mtu haukipokei: "Kamba ni mzio wake, musimtilie." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku hizi madaktari wamelichukua neno lilelile kwa kile ambacho wengine huita aleji, nami naona hawakukosea. Lakini wengi wakilisikia hudhani mwenye mzio ana kinga dhaifu, kisha humtafutia dawa za kuongeza kinga. Sivyo. Kinga yake ina nguvu zake zote, ila imemdhania mgeni kuwa mwizi.

Nyumba za kwetu zina daka, pale mlangoni penye viti vya mawe, ambapo mgeni hukaa kwanza akajulikana kabla ya kuingizwa ndani. Mwili nao hufanya hivyo. Wali, samaki, maziwa, vyote ni vitu vya kigeni kwake, lakini umefundishwa kuvipokea. Kinachoingia kwa shari ndicho hupigwa. Ukikatwa na gamba la chaza, kidole huvimba na kupata moto kwa sababu seli nyeupe za damu zimekimbilia pale. Usaha unaouona kesho yake kwa sehemu kubwa ni seli hizo zilizokufa kazini. Nyuma yao kuna kundi jingine lisilo na haraka, lenye kumbukumbu. Hili hutengeneza kingamwili, protini zinazomshika adui mmoja maalumu kama ufunguo na kufuli lake. Aliyeugua surua utotoni haiugui tena kwa sababu hiyo, na chanjo hutegemea kumbukumbu hiyohiyo.

Kinga huweza kuharibika kwa njia nyingi. VVU huua seli zinazoongoza wenzake, hata maradhi madogo yakapata nafasi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga hushambulia seli za kongosho zinazotoa insulini, yaani humpiga mwenye nyumba. Mzio ni jambo jingine, na siri yake imo katika ile kumbukumbu.

Binamu yangu alikula kamba tangu utotoni. Siku moja, kwenye harusi ya jamaa mtaa wa Langoni, alikula kamba wa nazi na sahani haikuisha. Alianza kujikuna midomo. Kisha mabaka mekundu yakapanda shingoni, mato yakafura, na kilichonitisha zaidi ni sauti: ilikuwa nyembamba, kama anayezungumza akiwa amebanwa. Mama yake alisema ni kijicho cha watu, mwingine akaleta maziwa. Tulimbeba hadi hospitali, akadungwa sindano ya adrenalini pajani, na baada ya dakika chache sauti ilirudi.

"Mbona jana alikula?" Kila mtu aliuliza hivyo. Jibu ni kwamba mzio haujionyeshi mara ya kwanza. Huenda mtu akala kamba miaka mingi, kisha siku fulani mwili ukatengeneza kingamwili za aina ya E dhidi yao, naye asihisi kitu. Kingamwili hizo huenda kukaa juu ya seli za masti, zilizotanda kwenye ngozi, pua, koo na matumbo, zikiwa zimejaa vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Mtego umeshategwa. Kamba wa safari inayofuata akifika, protini yake huzigusa kingamwili mbili kwa pamoja na seli humwaga vifuko vyote. Histamini hulegeza mishipa ya damu, maji yakavuja na mwili ukavimba. Njia za pumzi hubana. Shinikizo la damu huweza kuanguka. Yote haya ni dakika, si masaa.

Jambo hili liligunduliwa kutokana na viumbe wa bahari. Mwaka 1901 Mfaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier walisafiri katika jahazi la mtawala wa Monaco wakichunguza sumu ya mnyama wa ukoo wa konyeza. Waliporudi waliendelea na sumu ya jamaa zake wengine, wakitaraji kuwazoesha mbwa kwa vipimo vidogo. Ikawa kinyume: mbwa aliyepona mara ya kwanza alipewa kidogo tena baada ya wiki kadhaa, akafa kabla ya nusu saa. Richet alipata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Jina aleji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna.

Kwa kamba, mkosaji mkuu ni protini iitwayo tropomiosini. Moto wa jiko hauiharibu. Imo pia katika kaa na kamba koche, hata katika mende na vijidudu vya vumbi la magodoro. Tropomiosini ya changu na tafi ni ya umbo jingine, ndiyo maana mwenye mzio wa kamba mara nyingi hula samaki bila shida.

Hapa wavuvi wenzetu wanielewe vizuri, kwa sababu kuna kitu kinachofanana na mzio na si mzio. Jodari, nguru au kibua akiachwa juani chomboni, bakteria hugeuza nyama yake ikajaa histamini. Kumpika hakuiondoi. Mlaji huwa mwekundu, kichwa kikagonga, mwili ukawasha. Tofauti ni kwamba huwapata wengi waliokula sahani moja, wakati mzio humchagua mmoja. Dawa ya kosa hilo ni barafu, tangu samaki anapotoka majini.

Vidonge vya Piriton hupunguza kuwasha, lakini haviwezi kufungua koo linalofunga. Hilo ni kazi ya adrenalini, na inatakiwa mapema. Nikimfikiria mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, maji yamekupwa na boti imechelewa, naona haja ya kila zahanati ya visiwani kuwa na dawa hiyo na mtu anayejua kuidunga, usiku na mchana.

Binamu yangu sasa hakai jikoni kamba wakichemshwa, maana hata mvuke huibeba protini ile. Harusini humfuata mpishi kabla ya kupakuliwa na kumwonyesha upawa: "Huu umeingia sufuria ya kamba?"