Nyoka wa Kwenye Kitochi: Gemu Gani Hukumbukwa, na kwa Nini

Fundi simu mmoja wa karibu na Soko Kuu, hapa Arusha, alipofunga kibanda chake alituletea katoni ya simu za batani. Alisema tuzitupe au tuzitunze, yeye hana tena pa kuziweka. Nyingi zilikuwa zimekufa kabisa. Moja, Nokia 1100, ile iliyoitwa kitochi kwa sababu ya taa yake ya kichwani, iliwaka tulipoibadilishia betri. Binti aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo akafungua gemu ya nyoka. Simu hiyo ilipotoka mwaka 2003 yeye hakuwa amezaliwa. Kabla hajafa mara ya pili, mlinzi alikuwa amesimama nyuma yake akimwelekeza azunguke pembeni, asijipindepinde katikati. Mama anayetuletea chai naye akaweka birika chini, akaiomba ile simu.

Kazi yangu ni uhifadhi. Mtu akileta kitu makumbusho, mimi ni miongoni mwa wanaoamua kama kinaingia stoo au kinarudi na mwenyewe, na hatuanzi kwa kuuliza bei wala umri wake. Tunauliza kitu hicho kilibadilisha nini katika maisha ya waliokitumia. Jembe lililochakaa linaweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko saa ya dhahabu. Siku ile kitochi kilijibu kabla hatujakiuliza. Wanafunzi wa sekondari wanaotutembelea hutaka kujua gemu inaingiaje makumbusho wakati nyumbani wanaambiwa inawapotezea muda. Nawajibu hapa kwa kirefu, wao na wazazi wao.

Wapo wenzetu wanaoifanya rasmi kazi hii ya kupima gemu. Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, Marekani, makumbusho ya The Strong ilianzisha mwaka 2015 orodha ya heshima ya gemu za dunia, na kila mwaka huongeza chache. Mwaka wa kwanza ziliingia 6: Pong, Pac-Man, Tetris, Super Mario Bros., Doom na World of Warcraft. Vipimo vyao ni vinne. Je, gemu inajulikana na kukumbukwa? Imedumu, au ilivuma msimu mmoja ikazimika? Imevuka mipaka ya nchi ilikotoka? Na je, iliathiri gemu zilizokuja baada yake, burudani nyingine, au jamii yenyewe? Hicho cha nne kina uzito wa pekee, maana gemu inaweza kuingia kwa sababu yake hata kama haikutimiza vyote vitatu vya kwanza. Naona wamepatia, na mfano wangu ni huu.

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya anga kwenye kompyuta ya PDP-1. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama makabati, na bei yake iliwezwa na taasisi tu. Kwa hiyo gemu haikuwa na soko. Iligawiwa bure, ikasafiri kutoka chuo hadi chuo, na kijana mmoja aliyeiona, Nolan Bushnell, hakuisahau. Mwaka 1971 yeye na Ted Dabney wakatoa Computer Space, gemu ya kwanza ya mashine ya sarafu kuuzwa kibiashara. Haikuwanasa walevi wa baa, kwani vitufe vilikuwa vingi na maelekezo marefu. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni ya Atari, na Allan Alcorn akawatengenezea Pong: vijiti viwili, kitone kimoja, na agizo kwamba ukitaka alama nyingi usiukose mpira. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa ya Andy Capp's huko Sunnyvale, California. Muda si mrefu ikagoma. Alcorn alipokwenda kuitengeneza akakuta imeziba kwa sarafu, chombo cha kuzipokea kimejaa pomoni.

Spacewar! haikuingiza senti. Computer Space iliingiza kidogo. Pong ilifungua biashara ya dunia nzima. Leo zote tatu zimo katika ile orodha: Pong tangu 2015, Spacewar! tangu 2018, Computer Space tangu 2023. Mhasibu angezitupa mbili za mwanzo. Mhifadhi hawezi, kwa sababu bila ya kwanza ile ya tatu isingekuwepo. Ndiyo maana mimi nikipima gemu naangalia kwanza nani alijifunza kwake, ndipo niangalie ilinunuliwa na wangapi.

Na kujifunza si kwa watengenezaji peke yao. Wengi waliokua mjini hapa miaka ya tisini walikutana na Super Mario Bros. ya mwaka 1985 kupitia zile mashine za kuiga, zinazochomekwa kwenye televisheni, na kaseti zilizoandikwa kuwa na gemu maelfu wakati ndani zilikuwa chache zikijirudia. Kumbuka hatua ya kwanza kabisa. Unaanza kushotoni, mbele yako kuna uwazi, kwa hiyo unakwenda kulia bila kuambiwa. Kiumbe mdogo anakujia. Ukizubaa unakufa, lakini umepoteza sekunde chache tu, na mara ya pili unaruka. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga, uyoga unatoka, unateleza kulia, unagonga bomba na kurudi upande wako, hata aliyetaka kuukimbia huishia kuula na kuona kwamba umemkuza. Shigeru Miyamoto na wenzake walifundisha sheria zote hizo bila neno moja. Mtoto wa Ngarenaro asiyejua Kijapani wala Kiingereza alizielewa sawasawa na mtoto wa Kyoto. Nikifikiria somo lililopangwa kwa uangalifu, hatua hiyo hunijia kabla ya vitabu vingi vya kiada.

Kuna gemu nyingine ambayo wazee wenzangu hawaihesabu hata kuwa gemu: karata za kwenye kompyuta. Zilitoka na Windows 3.0 mwaka 1990. Programu iliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo ya kazi, na sura za karata alizichora Susan Kare. Wakati huo watu wengi hawakuwahi kushika mausi. Mimi niliishika mara ya kwanza katika ofisi moja mjini hapa, kompyuta ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni, na karani aliyekuwa ananionyesha hakunifungulia barua wala hesabu. Alinifungulia karata. Kubofya, kuburuta, kuachia mahali pake: vyote nilivipata pale, mkono ukitetemeka, na nilipokwenda kwenye kazi yenyewe vidole vilikuwa vimeshajua. Gemu hiyo iliingia kwenye orodha ya Rochester mwaka 2019. Haina shujaa, haina hadithi, haina muziki wa kukumbukwa. Lakini imewafundisha watu kompyuta kuliko kozi nyingi nilizowahi kuona zikitangazwa, na sioni haya kusema hivyo.

Kuhusu kudumu, sisi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kipimo. Tuna bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili na watazamaji wasiokubali kunyamaza. Unaanza kwa kunamua, yaani kuingiza ubaoni kete za mkononi moja moja; zikiisha mnaingia mtaji, mkicheza na zilizo ubaoni tu, na muda wote unaihofia nyumba, lile shimo lako kuu. Wamaasai wa huku kwetu wana enkeshui yao, nayo ni ya mashimo na kete. Sheria za bao zinafundishika mchana mmoja, lakini fundi wa bao hukua kwa miaka, na hata yeye hukutana na mchezo uliopangika kwa namna ambayo hajaiona. Gemu ya namna hiyo haizeeki kwa sababu haimalizi maswali yake. Tena haina mwenyewe. Ukikosa ubao wa mninga unachimba chini, ukikosa komwe unaokota kokoto.

Chukua sifa hizo uziweke juu ya Tetris. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha, hivyo matofali yake ya kwanza yalikuwa alama za mabano. Vipande ni 7, kila kimoja kina miraba 4. Basi. Umaskini wa kifaa uliisaidia gemu kubaki na kiini chake, na kiini hicho kikaweza kuhamia kifaa chochote kilichofuata. Kitu kama hicho kilitokea mwaka 1978 Japani, Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders. Mashine yake ilikuwa nzito kuchora maadui wote kwa pamoja. Kadiri walivyopungua ndivyo waliobaki walivyokwenda mbio. Angeweza kuirekebisha kasoro hiyo. Aliiacha, na mioyo ya wachezaji ikaenda mbio nayo.

Doom, gemu ya kupiga risasi ya mwaka 1993, inafanana na bao kwa njia nyingine: nayo iliachwa mikononi mwa wachezaji. Watengenezaji wake, kampuni ya id Software, walitenga mafaili ya picha, sauti na ramani na programu inayoziendesha, ili mchezaji aweze kutengeneza ramani zake bila kubomoa gemu. Mwaka 1997 wakaachia msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu. Watu hawajaacha kuifanyia kazi mpaka leo.

Umaarufu mtupu siuamini. Atari ilitoa gemu ya E.T. mwaka 1982 kwa matangazo makubwa; mwaka uliofuata kaseti zake zilikuwa miongoni mwa mali iliyofukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 zikafukuliwa. Inakumbukwa, naam, kama tunavyokumbuka mwaka wa njaa.

Sasa niseme pale ninapotofautiana na wenzetu wa Rochester. Katika orodha yao kufikia mwaka 2025, John Madden Football imo, tangu 2018. Ni gemu ya mpira wa Kimarekani, na huko kwao ilibadilisha mengi, sina ubishi. Nyoka hayumo. FIFA, gemu ya mpira wa miguu iliyoanza mwaka 1993, nayo haimo. Kipimo chao cha tatu kinahusu kuvuka mipaka, na mimi najiuliza mipaka hiyo inatazamwa kutoka upande gani. Wazo la nyoka anayerefuka lilianza na Blockade, mashine ya sarafu ya mwaka 1976, lakini lililotufikia ni lile Taneli Armanto aliloliandika kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997. Nokia 1100 peke yake iliuzwa zaidi ya simu milioni 250. Kwa watu wengi wa mitaa yetu, nyoka ndiye gemu ya kwanza ya kielektroniki waliyoishika mkononi, na waliishika bila kuinunua, ndani ya kitu walichokinunua kwa ajili ya kumpigia mama kijijini. Hakubagua. Konda wa Hiace alicheza, mwalimu alicheza, bibi wa Machame aliyekuja mjini kwa matibabu alicheza akisubiri kuitwa.

FIFA ilijenga kitu kingine: kibanda cha gemu. Televisheni moja, PlayStation moja, padi mbili zilizofungwa gundi, benchi, na sheria isiyoandikwa kwamba aliyefungwa anaamka. Nimekaa kwenye vibanda hivyo Kaloleni na Sakina nikiwa na daftari, na nilichoandika zaidi ni mambo ya watu: kijana aliyeanza na mashine moja ya mkopo akalipia wadogo zake ada, wapinzani wa shule mbili waliopatana kwenye benchi. Nimeandika pia habari za watoto waliotoroka vipindi, kwani mhifadhi haandiki mazuri peke yake. Kitu kinachojenga kazi, lugha na ugomvi katika mtaa kimeshaathiri jamii. Kipimo cha nne hakisemi jamii ya wapi.

Lakini lazima tuwe na ushahidi, na ushahidi unapotea. Mwaka 2023 utafiti wa Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo ni gemu za nchi yenye maktaba na makampuni yaliyo hai. Vibanda vyetu havina hata kumbukumbu ya karatasi. Kikifungwa, benchi linaenda kuwa kuni.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa aliye na vifaa hivi nyumbani, Arusha, Moshi au popote. Toa betri kwenye simu za zamani kabla hazijavimba. CD ishike kwa kingo zake, usiifute kwa kanga yenye vumbi. Kaseti usipulizie mdomo kama tulivyozoea, mate huleta kutu. Tumia kitambaa kikavu. Kaseti nyingine zina betri ndogo ndani inayotunza kumbukumbu, nayo huisha baada ya miaka, hivyo piga picha alama zako mapema. Juu ya yote andika: nani alicheza, wapi, mechi ilikuwa shilingi ngapi, mlikuwa mnaitanaje mkiwa pale. Kifaa bila maneno hayo ni plastiki.

Kadi ya kitochi chetu tayari imejazwa. Pameandikwa jina la kifaa, mwaka, mtaa kilikotoka na maelekezo ya mlinzi neno kwa neno. Mstari wa mwisho una alama ya juu iliyokutwa ndani simu ilipowaka, iliyowekwa na mteja ambaye fundi hamkumbuki. Mama wa chai ameijaribu siku tatu mfululizo, na bado hajaifikia.