Injini sita za nyuma: kilichoitesa Do X

Kila nikiona picha ya Do X, ile ndege kubwa ya Kijerumani ya 1929 iliyotua majini, sisi mafundi wa injini za ndege tuna ugonjwa wetu: macho yananikimbilia juu ya bawa. Pale Claude Dornier alipanga injini 12, mbili mbili, mgongo kwa mgongo. Ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma.

Dornier alikuwa Mjerumani aliyepikwa kwenye kampuni ya Zeppelin, waundaji wa meli za angani. Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliibana Ujerumani katika mambo ya ndege, kwa hiyo dude hili alilijenga ng'ambo ya Ziwa Constance, Altenrhein, Uswisi. Halikuwa na magurudumu. Tumbo lenyewe ni mashua. Bawa, mita 48 ncha hadi ncha. Liliruka Julai 12, 1929, na Oktoba 21 likapaa na watu 169, tisa kati yao wazamiaji waliojipenyeza ndani kimyakimya! Inasimuliwa kwamba abiria waliombwa wasogee upande mmoja ili ndege ikate kona. Konda wa daladala angeelewa.

Sasa tuje kwenye kilichoitesa: joto. Injini za kwanza zilikuwa Jupiter zilizoundwa na Siemens, nguvu ya farasi zaidi ya 500 kila moja, zikipozwa kwa hewa tu. Weka kiganja nyuma ya injini ya pikipiki iliyotoka safari ndefu, bado inanguruma. Upepo wa namna hiyo ndio uliokuwa ukiifikia injini ya nyuma. Ikichemka, lazima uipunguzie mafuta. Ukiipunguzia, tani 50 na ushee hazipandi. Do X ilihangaika kufika kimo cha mita 425. Mwishowe zote 12 ziling'olewa, zikafungwa injini za Conqueror za kampuni ya Curtiss ya Marekani, farasi 610 kila moja, zenye maji na rejeta. Hapo joto likapata pa kwenda.

Ninachokihusudu mimi ni chumba cha fundi. Rubani aliagiza nguvu anayoitaka, fundi akasogeza vishikio vya injini zote 12, kama nahodha na watu wake wa chumba cha injini melini. Bawa lenyewe lilikuwa nene kiasi kwamba fundi aliweza kutambaa ndani yake hadi kwenye injini, ndege ikiwa angani.

Safari ya New York ilianza Novemba 1930. Kufika Lisbon, turubai likagusa bomba la moshi lililokuwa la moto, bawa likaungua. Visiwa vya Canary, tumbo likaumia wakati wa kupaa. Ilitia nanga New York Agosti 27, 1931, wakati meli ya haraka ya abiria ilivuka Atlantiki kwa chini ya wiki.

Italia iliagiza Do X nyingine mbili, ikazifunga injini za Fiat, nazo za maji. Ile ya kwanza iliwekwa makumbusho Berlin, na mabomu ya 1943 yakaiteketeza.