Kizazi kimetoka, ubongo je? Dhana potofu kuhusu estrojeni

Shangazi yangu wa Tanga alitolewa kizazi akiwa na miaka 39, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu mpaka anaishiwa nguvu. Miaka 12 baadaye nilimkuta barazani usiku, khanga imemlowa jasho mgongoni, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Nikamwamkia. "Marahaba…" akajibu, halafu akakwama. Jina langu lilikuwa limempotea. Akapita kwa ndugu zangu wawili na binamu mmoja kabla ya kunifikia, akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Shangazi, hayo si mambo ya kukoma hedhi?"

"Hedhi ipi tena, mwanangu? Mimi nilishamalizana nayo siku waliyonitoa kizazi."

Jibu fupi, lakini limebeba dhana potofu zaidi ya moja kuhusu estrojeni, homoni inayopungua hedhi inapokoma, na zote nimeshazisikia saluni, kwenye daladala, na hata kwa watu wenye koti jeupe.

Dhana: Estrojeni ni homoni ya kizazi, tena ya wanawake tu

Kizazi ni mpokeaji. Watengenezaji wakuu ni ovari, yaani vifuko vya mayai, na kiasi kingine hutoka kwenye mafuta ya mwili, mifupa na ubongo wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huchukua testosteroni na kuigeuza kuwa estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko nyingine za mwilini. Yaani homoni "ya kike" hutengenezwa kutokana na homoni "ya kiume". Kwa panya na ndege imeonekana pia kwamba ubongo ukijeruhiwa, seli za astrosaiti, wasaidizi wa seli za neva, ambazo kwa kawaida hazina aromatasi ya kutajika, huanza kuitoa pembeni mwa kidonda.

Wanaume wanaiishi pia. Mwaka 1934 Bernhard Zondek aliripoti kwamba mkojo wa farasi dume umejaa estrojeni, jambo lililowashangaza wengi wakati huo. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walimweleza kijana wa miaka 28 ambaye kipokezi chake cha estrojeni, yaani protini inayoinasa homoni hiyo, kilikuwa na hitilafu ya kuzaliwa. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa dhaifu kama ya mzee. Mwili wake ulikuwa na estrojeni tele, ila haukuweza kuisikia. Na babu wa miaka 70 kwa kawaida ana estradioli nyingi kwenye damu kuliko bibi wa umri wake. (Habari za kuku wa kisasa kuwaotesha wanaume matiti naziacha hapohapo. Broila hunenepa upesi kwa sababu ya mbegu na chakula.)

Dhana: Homoni hubadilisha jeni zako

Haibadilishi hata herufi moja. Inachobadilisha ni jeni ipi isomwe, wapi, na kwa kiasi gani. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye utamu.

DNA ndani ya seli imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama kitambaa kwenye jora. Dukani mna majora mengi, lakini fundi hakati kilichoviringwa. Ni mpaka kifunguliwe. Seli ya ini na nyuroni, yaani seli ya neva, zina majora yaleyale; zinatofautiana kwa yaliyofunguliwa.

Estradioli ni molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kupiga hodi. Miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago aliitia alama ya mionzi na kuwadunga panya wachanga. Wengi walidhani homoni hufanya kazi kwa kubadilishwa na vimeng'enya njiani. Jensen alikuta kwenye kizazi imeshikiliwa kwa saa kadhaa, haijabadilika, ilhali kwenye misuli imeshapita zake. Kulikuwa na kitu kinachoishika. Kitu hicho ndicho kipokezi, tunachokiita leo alfa. Cha pili, beta, kilitangazwa mwaka 1996 na kundi la Jan-Åke Gustafsson huko Sweden, na walikipata kwenye tezi dume ya panya. Tezi dume!

Kipokezi kikishaikamata estradioli hubadili umbo, kikaungana na mwenzake, na wawili hao hukaa juu ya DNA mahali penye mpangilio wa herufi GGTCA, kisha tatu zozote, kisha TGACC. Hapo huita protini saidizi. Baadhi yao hubandika vikundi vya asetili kwenye histoni, jora likalegea, na mashine ya kuinakili jeni kuwa RNA ikapata njia. Kwenye ubongo wa wanyama wa maabara, miongoni mwa jeni zinazopanda sauti ni ya BDNF, protini inayolisha miunganiko ya nyuroni, na ya Bcl-2, inayoizuia seli isijiue inapobanwa. Ile sifa inayotajwa sana, kwamba estrojeni hulinda ubongo, inaanzia hapo: seli inaamriwa itengeneze vifaa vyake yenyewe.

Ila amri haieleweki sawa kila nyumba. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, inakaa kwenye kipokezi hichohicho cha estrojeni. Kwenye titi inakizima. Kwenye mfupa na kwenye kizazi inafanya kama estrojeni. Mgeni ni yuleyule, kinachopikwa kinategemea mwenyeji: protini saidizi zilizopo, majora yaliyokwisha kufunguliwa, alfa na beta wangapi. Anayekuambia estrojeni "ni nzuri" au "ni mbaya" bila kusema kwa seli ipi bado hajakuambia kitu.

Tena si kila kazi inapitia jeni. Vipokezi vingine viko kwenye utando wa seli na hujibu ndani ya sekunde au dakika, muda ambao hautoshi hata kunakili jeni moja na kuijenga protini yake.

Dhana: Ubongo wa mtu mzima umeshaganda

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Catherine Woolley na Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walihesabu vichipukizi vya nyuroni, vile vinundu vidogo inavyopokelea ujumbe, kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, kwa panya jike. Mzunguko wa panya ni siku nne au tano tu. Estradioli ikipanda, vichipukizi vinaongezeka. Ikishuka, vinapungua kwa karibu theluthi ndani ya siku moja hivi. Panya mzima, mwenye afya, bila ugonjwa wowote.

Dhana: Kama inalinda, basi kila mama ameze

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, akija mwenyeji keshahama?

Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake 4,532 wenye miaka 65 na kuendelea. Nusu walipewa estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini, homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Waliopata kinachoaminika kuwa dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, walikuwa 61: 40 upande wa dawa, 21 upande wa pili. Karibu mara mbili.

Kilichofuata ni watu kurukia ukingo wa pili: estrojeni ni sumu ya ubongo. Nayo si kweli. Wengi wa wale mama walikuwa wameishi bila homoni hiyo muongo mzima na zaidi, na kwa panya walionyimwa muda mrefu, vipokezi vya alfa kwenye hipokampasi hupungua. Mwaka 2007 Walter Rocca na wenzake wa Mayo Clinic walionyesha upande wa pili wa shilingi: wanawake walioondolewa ovari kabla ya kukoma hedhi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kudhoofika akili uzeeni, na waliotolewa wakiwa wadogo zaidi ndio walioathirika zaidi. Na majaribio yaliyoanza na wanawake waliokoma hedhi karibuni hayakuona madhara kwenye kumbukumbu, wala hayakuona faida.

Kwa hiyo homoni leo huandikwa kwa ajili ya joto na jasho linalomsumbua mtu, kulinda mifupa, na kwa waliopoteza ovari mapema, ambao kwa kawaida huitumia mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Kuzuia dimenshia hakumo. Na kuna saratani ya titi na kuganda kwa damu vya kupimwa kwanza, kwa hiyo kidonge cha kuazima kwa jirani hapana.

Dhana: Lile joto ni damu chafu

Ni ubongo. Mwaka 1990 Naomi Rance alionyesha kwamba kwa wanawake waliokoma hedhi, kundi fulani la nyuroni kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, limenenepa. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizituliza. Ikiondoka, zinapiga kelele kwa jirani yao anayepima joto la mwili, naye anafungua jasho usiku wa manane. Dawa inayozizima bila homoni yoyote, fezolinetanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Dhana: Ukitolewa kizazi, homoni zimekwisha

Kizazi kikitoka peke yake, hedhi haionekani tena, lakini ovari zinaendelea kutoa estrojeni mpaka wakati wake, pengine mapema kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Zikitoka ovari zote mbili, estrojeni inaporomoka kwa siku chache badala ya miaka. Ni mambo mawili tofauti kabisa kwa ubongo, na mgonjwa anastahili kujua lipi lilimpata.

Shangazi hakujua. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye vyeti vya ubatizo, risiti za kiwanja na karatasi ya hospitali iliyofifia mikunjoni. Nikaisoma kwa tochi ya simu. Upasuaji umeandikwa kwa herufi tatu: TAH. Yaani kizazi. Ovari zote mbili zikitolewa huongezwa BSO, ikitolewa moja huandikwa USO, na hapo hapakuwa na lolote kati ya hayo.

"Kwa hiyo nilikuwa nazo?"

"Ulikuwa nazo, shangazi. Zinafunga kazi sasa hivi." Nikamwambia pia kwamba kusahau majina kipindi hiki kunawapata wengi, na kwamba tafiti zilizowafuata wanawake wa Marekani kwa miaka zimeona uwezo wa kujifunza ukirudi kipindi cha mpito kikipita.

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "na karatasi ninayo mwenyewe kabatini."